Kikapu Kilichokwenda Kununua Injini

Babangu alifanya kazi miaka ishirini na mbili kwa mzungu mmoja wa Diani. Alimwendeshea gari, alimkatia nyasi, alimlindia nyumba mwenyewe alipokuwa Ulaya. Mzungu alipouza ile nyumba na kurudi kwao moja kwa moja, alimpa baba kiinua mgongo chake: gari la michezo la Kiingereza, la kijani, viti viwili, halina paa wala uhai. Injini yake ilikuwa imepasuka siku nyingi kwenye mlima wa Kwale, mzungu akiendesha mwenyewe, rejeta haina maji. Baba hakuwamo siku hiyo. Jambo hilo alilirudia mara kwa mara, kana kwamba kuna mtu aliyemshtaki.

Gari likaletwa nyumbani Msambweni likivutwa na trekta, likaingizwa kwenye banda la makuti kando ya jiko. Watu wakaja kulitazama. Aliyecheka wa kwanza alikuwa binamu wa baba, mtoto wa shangazi yake, mkazi wa Kinango, mfanyabiashara wa mbuzi. Huyo alikuwa mtani wake wa halali, na mtani kwetu haombi ruhusa. Anaweza kukutania ukiwa bwana harusi, na akakutania ukiwa maiti.

"Nimeona watu wakilipwa pesa," alisema, akilizunguka lile gari mikono nyuma. "Nimeona watu wakilipwa ng'ombe. Wewe ndiye wa kwanza niliyemwona akilipwa jeneza. Na mwenye kukupa amekupenda, maana kimo chako amekipata sawasawa."

Baba ni mfupi. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Hata mamangu alicheka, Mungu amsamehe. Mtani akaona soko limechangamka, akaongeza: "Siku jeneza hili likifika Kinango kwa miguu yake, nitalipokea kwa beberu. Na mlango nitakufungulia mimi, kama wewe ulivyokuwa ukimfungulia mzungu wako."

Utani hauna kesi. Ukitaniwa unatania, yakaisha. Lakini baba hakujibu. Alicheka kidogo kwa upande mmoja wa mdomo, akaingia ndani, na tangu siku hiyo akaacha kwenda kwa watu. Harusi za Kinango alituma leso na udhuru. Matanga alikwenda siku ya pili, watu wamekwisha pungua, akakaa karibu na njia ya kutokea. Udhuru wake ulikuwa mguu. Mguu ulimuuma kila kulipokuwa na shughuli, na kila siku ya soko ukawa mzima.

Ningeweza kumwachia mguu wake kama si kwamba nilimwona anapungua. Mtu wa kwetu asiyekwenda harusini wala matangani huanza kusahauliwa angali hai, na yeye mwenyewe huanza kuzoea. Alikuwa anakaa barazani akitengeneza vitu visivyoharibika. Iliniuma sana, na mimi kitu kikiniuma huwa silii kwanza, hukasirika kwanza.

Wakati huo nilikuwa karani wa stoo katika hoteli moja ya Diani. Ilikuwa miaka ile wageni walipotukimbia, kisha mvua zisizo na kiasi zikaja kumalizia madaraja, na hoteli ikatuweka kwenye nusu mshahara. Nilikuwa na akiba ya mabati ya nyumba yangu. Nyumba yenyewe ilikuwa imefika dirishani, imesimama hapo ikiningoja.

Mvua zilipokwisha, habari ikaja kwamba yule binamu anaoza bintiye Mfungo Mosi, mara tu baada ya Idi. Ilikuwa imebaki miezi minne. Mama akaniambia kwamba baba ameshaanza kusugua goti.

"Miezi minne kabla?" nikauliza.

"Anauandaa mguu," mama akasema.

Nikachukua daftari, nikaandika juu ya ukurasa: Mguu wa Baba. Chini yake nikaandika: Injini.

Nilimtafuta fundi Ukunda. Alikuwa mtu wa bara, mrefu, mpana, mwenye shamba dogo Bongwe na gereji chini ya bati tatu. Alikuja Msambweni, akainama chini ya boneti, akagonga chuma kwa spana, akasikiliza. Akasema injini ya asili ya Uingereza tusiitaje, bei yake ingejenga nyumba yangu na ya jirani. Lakini Mombasa kulikuwa na maghala ya injini kuukuu za Kijapani, zimetolewa kwenye magari yaliyogongwa, na nyingine zina nguvu bado.

"Basi tununue injini," nikasema.

"Madam, injini si shida. Injini ndio kitu rahisi. Shida ni vitu zenye inaguzana nazo."

Nikamwambia avitaje kimoja kimoja, na mimi niandike. Injini. Giaboksi, kwa sababu ile ya zamani haitakubaliana na mgeni. Vyuma vipya vya kuishikilia injini, vya kuchomelea. Shafti ya kupeleka nguvu magurudumu ya nyuma, kukatwa na kuungwa upya. Rejeta kusafishwa. Nyaya zote, maana za zamani panya walikuwa wameshakula posho yao. Paipu ya moshi. Pikapu na feri. Karatasi za serikali za kubadilisha namba ya injini kwenye kitabu cha gari. Nilipojumlisha, injini yenyewe haikufika hata theluthi ya gharama. Nikaelewa kwa nini magari mengi hufia kwa mafundi: mwenye gari huwa amepanga bei ya injini tu.

Mwisho nikaongeza mstari mmoja ambao katika stoo hatuukosi, nikauita Yasiyojulikana. Fundi akauchungulia.

"Hiyo laini ni ndogo. Weka mara mbili."

Nikaweka mara mbili, na mabati yangu yakabaki ya jikoni tu. Nikajiapia kwamba mstari huo ukivukwa kwa shilingi moja, tunasimamisha kazi na gari linauzwa kwa wanunuzi wa vyuma. Kiapo hicho nilimwambia mama peke yake.

Kupanga siku ndiko kulikonichosha kuliko pesa. Ijumaa ilikuwa ya baba, Jumapili ya fundi, siku za kazi za hoteli, na Ramadhani ilikuwa imekaa katikati ya njia. Ilibaki Jumamosi, na fundi akakubali kutupa Jumamosi zote.

Jumamosi ya kwanza ilikuwa ya kupima nafasi ya injini, tujue injini ya ukubwa gani itaingia. Fundi alipofika, baba alikuwa amekwisha pima. Alikuwa amesimama mbele ya gari, amevaa kanzu ya kazi, akasema kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia muda mrefu:

"Urefu shibiri tatu. Kimo shibiri mbili na nyanda nne. Upana shibiri mbili kasoro wanda mmoja."

Kwetu kila kitu kimepimwa kwa shibiri, kuanzia kidole gumba hadi cha mwisho kiganja kikinyooshwa, na kinachobaki kinapimwa kwa nyanda, upana wa kidole. Mikeka ya mama ni shibiri, kaburi ni shibiri, hata samaki mtu akisimulia ni shibiri. Na hiyo ilikuwa mara ya kwanza baba kuligusa gari lile tangu lije. Nilikuwa na tepu ya kupimia ndani ya mkoba wangu, tepu ya stoo, ya inchi na sentimita. Mkono wangu uliifikia, ukaiacha. Kupima tena alichopima babako, na yeye amesimama pale, ni kumwambia hukumwamini. Fundi alinitazama, nami nikamtazama. Akatoa kalamu sikioni akaandika shibiri tatu.

"Hata kwetu mzee akisema, amesema," aliniambia baadaye.

Jumatatu niliomba ruhusa hotelini, tukaenda Mombasa. Ghala lilikuwa limejaa injini sakafuni, safu kwa safu, nyeusi kwa oili. Fundi akawa anaziruka kama mtu anayeruka madimbwi, akiinama hapa na pale na kunyoosha kiganja. Hii kubwa, ile ndogo. Mwishowe akafika kwenye moja, akapima mara mbili. "Shibiri tatu kamili, madam. Kimo pia sawa."

Tukailipa. Mwenye ghala alikuwa mzee mwenye haraka, lakini mimi ni mtu wa stoo, siondoki bila karatasi. Nilimfanya aandike kwenye risiti kwamba injini itabadilishwa mara moja tu, ndani ya siku kumi na nne, ikiwa haijawashwa. Alinung'unika kwamba wanawake wa Pwani wakipewa kalamu wanakuwa mahakimu. Nikamwambia aandike na tarehe.

Jumamosi iliyofuata tulisimamisha boriti tatu za mkoko juu ya gari, tukafunga winchi ya mnyororo aliyoiazima fundi. Baba alishika kamba ya kuizuia injini isiyumbe. Ikashuka taratibu, fundi akihesabu, mama akisoma dua mlangoni. Ikafika mahali ikakaa. Haikuwa imefika chini. Mbele ilikuwa imegusa rejeta, nyuma imegusa ukuta wa gari, na kichwa chake kilikuwa juu kiasi ambacho boneti ingebaki wazi kama mdomo wa kiboko.

"Imekataa," fundi akasema.

Baba akainama, akanyoosha kiganja juu ya ile injini, akakikunja kabla hakijagusa chuma. Nilidhani anafukuza nzi. Akasema adhuhuri imefika, akaenda kutia udhu.

Fundi akaniita nyuma ya banda. "Nipe mkono yako," akasema. Akaweka kiganja chake juu ya changu. Kiganja cha fundi kilikuwa koleo. Vidole vyangu vilipoishia, vyake vilikuwa vimebakisha nyanda mbili nzima. "Sasa mkono ya mzee iko aje?"

Hapo ndipo nilipoelewa, na nikaona haya mpaka masikio yakawaka. Mkono wa baba ulikuwa hauzidi wangu. Baba ana mikono midogo. Nilikuwa nimemjua maisha yangu yote na sikuwa nimeliona hilo, kwa sababu mikono iliyokuinua juu ukiwa mtoto haiwi midogo tena. Shibiri tatu za baba zilikuwa nafasi ya gari. Shibiri tatu za fundi zilikuwa injini ya gari jingine. Na mimi, karani, mwenye tepu mkobani, nimepokea mzigo bila kuupima.

"Tupime na tepu," fundi akasema. "Mzee ako msikitini."

Tulipima haraka kama wezi, lakini tepu haikutusaidia sana. Nafasi ile haikuwa sanduku. Chombo cha usukani kilikuwa kimejitokeza upande mmoja, upande wa pili palikuwa na kibonge cha chuma, na chini pakawa pembamba. "Hii nafasi iko na mabega na kiuno," fundi akalalamika. Hata tukiwa na namba ishirini, tungezilinganishaje na injini iliyolala sakafuni Mombasa? Tukikosea mara ya pili, risiti hainisaidii tena, mstari wa Yasiyojulikana umekwisha, na baba atakuwa na sababu ya kusugua goti mpaka Kiyama. Siku za risiti zilikuwa zimebaki tisa.

Mama alikuwa ametusikia. Alikuja na ukili mkononi, kwa sababu mamangu haendi mahali bila ukili, zile kanda ndefu za miaa, majani ya mkoma, anazozisuka kutwa kisha akazishona kuwa mikeka na vikapu. Akachungulia pale chini ya boneti jinsi anavyochungulia chungu.

"Hapa panataka kikapu," akasema.

Baba aliporudi kutoka kuswali, mama alimwambia: "Baba watoto, nyaya mpya zitakapotiwa, panya watarudi. Nataka nipashonee kifuniko, lakini lazima nikishonee humo humo."

"Shona," baba akasema. Hakuuliza panya gani.

Fundi aliitoa ile injini akaiweka kando. Mama akaketi kwenye kigoda pembeni mwa gari akashona siku tatu, kwa miaa aliyokuwa ameisukia mkeka wa mtu aliyekwisha mlipa. Alikuwa akiushusha ukili ndani, akiuzungusha palipo na bega, akiuingiza palipo na kiuno, anaurudisha juu, anadunga sindano. Ndani alitia fito nyembamba ili kisilegee, na mdomo akauacha upande wa chini. Fundi alimwonyesha mahali ambapo feni itahitaji kupumua na mahali ambapo bakuli la oili litashuka, na mama akaongeza au akapunguza mzunguko mmoja. Mwanzoni fundi alikuwa akicheka. Siku ya tatu alikuja Jumatatu, siku isiyo yake, akachuchumaa kando ya kigoda akaangalia.

Kilipokwisha kilikuwa kitu ambacho sijakiona kabla wala baada: injini ya miaa. Tulikitia ndani, kikakaa pasipo kusukumwa. Baba ndiye aliyeshusha boneti, na boneti ikafunga.

"Panya hawataingia sasa," akasema, akaenda zake.

Nilivuka feri nacho kichwani, fundi akinifuata nyuma na injini iliyokataa kwenye pikapu. Mwanamke mmoja aliyeketi juu ya gunia la nazi alikitazama kikapu changu kutoka Likoni mpaka ng'ambo.

"Dada, hicho ni cha kutilia nini?"

"Injini."

"Ya nini?"

"Ya babangu."

Akageukia bahari. Nafikiri aliniombea.

Pale ghalani wafanyakazi waliacha kazi. Nilikishika kikapu mdomo chini, nikaanza kuzifunika injini moja moja, kama kuku anavyofunikwa kwa tenga. Hesabu yetu ilikuwa rahisi, ya mtoto: injini itakayofichika yote ndani ya kikapu ndiyo itakayoingia garini. Ya kwanza ilitokeza miguu. Ya pili kikapu kiliikalia kichwani kama kofia ya Idi ya mdogo wake. Mwenye ghala alitoka ofisini kuja kutufukuza, akasimama, akaona, akaanza kutuelekeza yeye mwenyewe. "Jaribu ile. Hapana, ile pale, iliyotoka kwenye gari la posta." Saa nzima tulizunguka. Safu ya mwisho, karibu na ukuta, kikapu kilishuka juu ya injini moja fupi kikagusa sakafu pande zote. Wale vijana wa ghala walipiga makofi. Nami nilijikuta nimeinua mikono juu mbele ya wanaume nisiowajua, na sikuishusha.

Injini hiyo ilikuwa ya bei ndogo kuliko ya kwanza. Mzee akasema pesa ikishaingia haitoki. Nikaifungua risiti juu ya meza yake, nikaweka kidole kwenye mwandiko wake, nikamwambia mimi sitaki pesa, nataka giaboksi ya injini hiyo hiyo, starta yake, na vyuma vyake vya kushikilia. Tulivutana mpaka chai yake ikapoa. Mwisho akaniuliza nani aliyeshona kikapu, nikamwambia mamangu. Akatazama kikapu, akatazama risiti, akasema chukua vyote na usirudi hapa na kalamu. Giaboksi ilikuwa mstari wa pili kwa ukubwa katika daftari langu, na nilikuwa nimeufuta.

Kazi iliyobaki ilifanyika Ramadhani. Fundi alikuwa akinywa maji yake nyuma ya banda la kuku. Mama alimwambia anywe barazani, hapa hakuna anayemchunga, naye akajibu, "Hapana mama, nyinyi mko na njaa na mimi ndio niwaonyeshe maji?" Tangu hapo mama alimtengea futari ya kwenda nayo Bongwe. Shafti ilikatwa fupi kidogo ikabidi ikatwe nyingine. Mstari wa Yasiyojulikana ukailipa. Rejeta ilivuja, ukailipa. Mstari ukawa mwembamba, lakini haukukatika. Baba naye alianza kuja bandani. Kwanza alishika taa ya kumulikia chini ya gari, kisha akashika spana, kisha akaanza kumwambia fundi pale asipopaona. Kusugua goti kuliisha bila kutangazwa.

Idi pili, asubuhi, fundi alimwambia baba aketi kwenye usukani. Baba akatia ufunguo. Injini ilikohoa mara moja, ya pili ikashika, na banda zima la makuti likatetemeka vumbi likatumwagikia. Kuku walikimbia mpaka kwa jirani. Baba aliweka mikono miwili juu ya usukani, akabaki anaitazama sindano ya joto ikipanda mpaka katikati na kusimama hapo. Mimi nililia, na sioni haya kuandika. Nilikuwa nimekasirika miezi minne, na hasira ilikuwa imeniishia.

Siku ya harusi niliamka nikavaa gauni nililolishonesha kwa ajili ya kiti cha pili. Nilipotoka nje, mama alikuwa anafunga leso mpya, na kile kikapu cha injini kilikuwa miguuni pake, kimejaa mchele wa zawadi. Baba alikuwa amemshikia mlango. Nikatazama gari, nikalitazama tena. Viti vilikuwa viwili. Miezi minne nilikuwa nimepanga kila kitu, mpaka bei ya misumari, na sikuwahi kuhesabu makalio. Nikaingia kwenye pikapu ya fundi, katikati ya madebe sita ya maji tuliyoyabeba kwa ajili ya mlima, nikakunja gauni langu.

Kwa hiyo mlima wa Kwale niliuona kwa nyuma. Niliona kofia ya baba na leso ya mama, na baina yao mchele. Tulipoanza kupanda kutoka Kombani, fundi alizima redio. Tulikuwa tunatafuta moshi mweupe, dalili ya maji kuchemka. Gari lilipanda. Kona ya kwanza, ya pili. Pale mahali injini ya zamani ilipopasukia palikuwa na jiwe kubwa la kando ya njia, na baba alipolifikia alipiga honi mara moja, ndefu, wala hakupunguza mwendo. Nikasikia fundi anacheka peke yake, kicheko cha tumboni. Tulipofika Kwale juu, baba alisimama, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya rejeta kama anayempima mtoto homa. Akafunga. Madebe yetu yalikuwa yamejaa vile vile, na tukayapeleka Kinango, ambako maji yanapokewa kuliko pilau.

Njia ya Kinango ilikuwa ya vumbi na mawe, na gari lile liko chini chini, baba akalipitisha kwa upole mkubwa. Tulifika watu wamejaa. Habari ilikuwa imetangulia, maana yule binamu alikuwa amesimama katikati ya njia, kamba ya beberu mkononi. Alitazama gari muda mrefu. Kisha akampa mtu ile kamba, akaja, akainama akafungua mlango.

"Karibu, bwana mkubwa," akasema. Watu walishangilia. Baba akashuka.

Lakini mtani ni mtani. Mama alipokishusha kile kikapu, binamu alikinyooshea kidole. "Na hiki je? Tangu lini kikapu kikawa na mabega na kiuno?"

Mama alijishughulisha na leso. Fundi alitazama viatu vyake. Baba akainua mkono wa kulia mbele ya watu wote wa Kinango, akakinyoosha kiganja, kidole gumba mpaka cha mwisho.

"Mnauona mkono huu?" akasema. "Ni mdogo, kama mwenyewe. Mkono huu ndio uliopima nafasi ya injini. Nikasema shibiri tatu, nikasema kwa sauti, na kwa adabu zao hakuna aliyethubutu kunipima. Wakanunua injini ya basi. Pesa za mabati ya binti yangu nusura zizame. Basi huyu mama watoto akasema kuna panya." Akamgeukia mama. "Panya. Akashona injini ya miaa, wakaipeleka Mombasa ikanunua mwenzake. Hicho ndicho kikapu, na mchele uliomo ni wa bibi harusi. Sasa nicheke, ndugu yangu. Mimi naanza."

Akaanza kweli. Alicheka kwa kichwa kimerudi nyuma, na binamu yake akamwangukia begani, na uwanja mzima ukapokea. Fundi alikuwa anapangusa macho kwa mkono wa shati. Nilimshika mama nikamuuliza kama alikuwa anajua kwamba baba anajua.

"Alisema shona bila kuuliza panya gani," mama akajibu. "Miaka thelathini ya ndoa, asingejua angeuliza."

Tulikula beberu. Baba alikaa katikati ya watu, si karibu na njia, akaonyesha kile kiganja kwa kila aliyechelewa kufika, na kila mara injini ya basi ikazidi kuwa kubwa. Aliondoka wa mwisho. Habari za mguu hatukuzisikia tena.